Usiku wa Onyesho la Kwanza Likasi

Onyesho la kwanza la mchezo wa kuigiza wa mtaani, katika mji wa Likasi mkoani Haut-Katanga, ni kazi ya watu wengi kuliko wale wanaoonekana jukwaani. Wachezaji huwa wachache. Nyuma yao yuko aliyeazima viti, aliyeshona pazia, aliyepika, aliyezunguka mitaa na megafoni, na jirani aliyewalea watoto wa mchezaji wa kike jioni zote za mazoezi. Kwa hiyo karamu ya marafiki inayofuata onyesho hilo ina uzito wake. Katika maigizo ya Katanga mchezo mara nyingi hauandikwi. Hutungwa kwa mdomo, wachezaji wakiwa wamesimama. Usiku wa kwanza mbele ya watu ndio unaoukamilisha utungo, na mazungumzo ya usiku uleule, sahani zikiwa mikononi, ndiyo yanayoamua mchezo utabaki na sura gani.

Likasi iko kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, kwenye njia ya reli. Wakati wa Wabelgiji mji uliitwa Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Una komuni nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Shituru ni komuni na vilevile ni kiwanda cha kusafisha shaba kilichoanza kazi mwaka 1929. Historia ya burudani mjini hapa haiwezi kutenganishwa na historia ya kampuni hiyo.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilibadili namna yake ya kupata wafanyakazi. Zamani iliajiri vijana kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini. Sasa ikawakalisha kambini pamoja na wake zao na watoto wao. Kambi zikapata shule, hospitali, makanisa, viwanja vya mpira na mahali pa burudani. Watu walitoka kwa Waluba wa Kasai na wa Katanga, kwa Walunda, kwa Wabemba, wengine Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, wakawa majirani wa ukuta kwa ukuta. Kiswahili kilikuwa kimeshatangulia kufika, kupitia biashara ya shaba na pembe iliyounganisha Unyamwezi na Bunkeya, makao ya Msiri, mtawala wa Wayeke aliyeuawa Desemba 1891. Kampuni ikakifanya lugha ya kazi, na watoto waliozaliwa kambini wakakifanya lugha ya nyumbani. Hapo ndipo mchezo wa kuigiza ulipopata watazamaji wake. Mchezo wa Kiluba ungewachekesha Waluba peke yao, na wa Kifaransa ungewafurahisha makarani na walimu. Wa Kiswahili uliwakusanya wote, pamoja na bibi aliyeletwa kutoka kijijini mwezi uliopita.

Mbegu za maigizo hayo zilikuwa nyingi. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Afrika Mashariki, ilisafiri hadi miji ya migodi ya Katanga pamoja na maofisa wake wa kuigiza waliovaa sare na kupeana vyeo. Miaka ya 1950, vijana wa komuni ya Kenya mjini Lubumbashi waliunda kundi la JECOKE, lililochanganya nyimbo, dansi na vichekesho. Likasi yenyewe ilitoa gitaa: mwaka 1952, Hugh Tracey, mwenye kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta hapa Jadotville kijana Mwenda wa Bayeke, aliyejulikana kama Jean Bosco Mwenda, na sahani za santuri zake zikasikika Afrika Mashariki nzima. Mwenda hakuwa mwigizaji. Lakini mtindo wake wa kuimba habari za watu wa mtaani, kwa Kiswahili cha mtaani, ndio mtindo ambao wachezaji wa Katanga wameufuata jukwaani.

Kundi linalojulikana kuliko yote ni la Mufwankolo, la Lubumbashi, ambalo lilichukuliwa na redio na baadaye televisheni hadi likaingia katika kila nyumba yenye chombo cha kusikilizia. Kundi hilo limechunguzwa vizuri na wataalamu. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha maandishi ya michezo yake mjini Vienna mwaka 1981. Miaka mitano baadaye, mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, alirudi mjini, akasikia watu wakisema kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Akawauliza wachezaji wa Mufwankolo maana yake. Jibu lao ni la kupendeza kweli: hawakumpa maelezo, waliamua kulitungia mchezo. Fabian alinasa kwenye kanda mashauriano, mazoezi, na hatimaye onyesho lenyewe lililopigwa picha za televisheni katika kijiji cha Kawama, nje ya Lubumbashi. Kitabu chake, *Power and Performance*, kilitoka mwaka 1990.

Kutokana na kanda hizo inajulikana jinsi mchezo wa Katanga unavyojengwa. Kwanza huja neno, methali au kisa kinachowasumbua watu. Wachezaji hukaa wakabishana juu yake; mzee wa kundi husikiliza zaidi kuliko anavyosema. Kisha kisa hukatwa vipande, na kila kipande hupewa shabaha: hapa mke agundue mshahara umeliwa, hapa jirani aje kuomba chumvi na kusikia ugomvi, hapa baba wa binti akatae mahari. Maneno hayatolewi. Kila mchezaji hujua anapotoka na anapotakiwa kufika, na njia huitafuta mwenyewe kwa kujibizana na mwenzake. Maneno ya zoezi la leo hayafanani na ya jana. Fabian alipolinganisha mazoezi na onyesho la Kawama, aliona kwamba mazungumzo yaliendelea kubadilika mpaka mbele ya kamera.

Jambo hilo linaeleza kwa nini usiku wa kwanza una joto lake la pekee. Palipo na kitabu, mchezaji huogopa kusahau mstari. Wachezaji wa mtindo huu hawana mstari wa kusahau. Wanachoogopa ni kimya. Zoezini, wenzao hucheka kwa sababu wanajuana. Mbele ya watu wa Kikula au Panda, kicheko hutoka mahali ambapo hakuna aliyekitarajia, na mahali palipotegemewa watu hutulia tuli. Mtazamaji hujibu. Mama mmoja wa safu ya pili akipaza sauti kumwambia mke wa mchezoni asifungue mlango, mchezaji hana ruhusa ya kujifanya hakusikia. Lazima amjibu, tena amjibu akiwa ndani ya mhusika wake, na jibu hilo likiwa zuri litaingia katika mchezo na kubaki humo maonyesho yote yatakayofuata. Kwa maana hiyo, waliokuja usiku wa kwanza ni watunzi pia, na wengi wao huja wakilijua hilo.

Tarehe huchaguliwa kwa kuangalia mbingu na mshahara. Mvua za Katanga huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kundi lisilo na ukumbi wenye paa halithubutu kutangaza onyesho katika miezi hiyo. Juni na Julai usiku ni mkavu lakini baridi ni kali, watu huja na makoti na mablanketi, na mchezo mrefu huwachosha. Sikukuu husaidia: Mei mosi, siku ya wanawake ya 8 Machi, 30 Juni ambayo ni siku ya uhuru, Krismasi, na Bonane, yaani Mwaka Mpya. Onyesho la mwisho wa mwezi huingiza fedha; la katikati ya mwezi hujaza watoto waliopenya chini ya uzio.

Mahali ni ukumbi wa parokia, darasa kubwa la shule, ukumbi wa zamani wa kampuni, au lupango, yaani ua wa nyumba, la mtu mwenye uwanja mpana na moyo mpana zaidi. Lubumbashi ina jumba la maigizo la miaka ya 1950, lililochorwa na Claude Strebelle na kujulikana leo kama Jengo la 30 Juni, lakini kikundi cha mtaani hakitungi mchezo kikifikiria jumba la namna hiyo. Hutunga kikifikiria benchi za kanisa, na taa inayoning'inia kwenye waya. Umeme ukikatika katikati ya onyesho, wenye simu huwasha taa za simu zao na kuzielekeza jukwaani, na mchezaji hodari huugeuza upungufu huo kuwa sehemu ya kisa: huanza kulalamika, akiwa yule yule mhusika wake, kwamba hata mwizi leo atashindwa kuona cha kuiba.

Marafiki huingia kazini wiki kadhaa kabla. Kundi lenye likelemba, ule mchango wa zamu ambao watu wa Kongo huutumia kwa kila jambo kubwa, huweza kumpa mmoja wa wachezaji zamu yake mapema ili anunue kitambaa. Fundi cherehani hushona kwa deni. Viti huazimwa kwa mtu anayekodisha vya matanga na harusi, kwa sharti kwamba asitokee msiba wa ghafla. Ukitokea, viti huenda msibani, na hakuna anayenung'unika. Mavazi hutoka makabatini: suti ya marehemu baba kwa ajili ya mhusika wa bwana mkubwa, kofia ya mgodini kwa ajili ya mfanyakazi, kitenge kipya kwa ajili ya mke wa pili. Mhusika wa bwana mkubwa huwekewa mto tumboni, akafungwa kamba mara mbili kiunoni ili tumbo lisishuke akicheza. Masharubu huchorwa kwa mkaa, na uso wa mzee hupakwa pemba, ule udongo mweupe, mpaka kwenye nyusi. Watoto wanaochungulia nyuma ya pazia huiona kazi hii yote, na bado pazia likifunguka humwogopa bwana mkubwa kwa dhati.

Liko suala linalostahili kusemwa kwa urefu zaidi, nalo ni la wachezaji wa kike. Kumpata binti au mama wa kuigiza ni kazi ngumu kuliko kupata fedha. Mazoezi ni ya jioni, njia za kurudi nyumbani ni za giza, na jirani anayemwona mke wa mtu akimkumbatia mume wa mchezoni hapungukiwi na la kusema. Makundi mengi humaliza tatizo hili kwa adabu. Wakubwa wa kundi huenda nyumbani kwa wazazi au kwa mume, hukaa, huomba, hueleza kisa chenyewe na nafasi ya binti ndani yake, na huahidi kumrudisha hadi mlangoni kila siku. Mzazi hualikwa kwenye onyesho la kwanza na kupewa kiti cha mbele. Hapo usiku huo hubeba mzigo ambao tiketi haiuonyeshi: baba anayetazama huku mikono ameikunja kifuani, akisubiri kuona kama aibu italetwa nyumbani kwake, na binti jukwaani anayejua alipo baba yake hata asipomtazama. Baba akicheka, hata mara moja tu, binti ameshapata ruhusa ya kucheza mchezo ujao. Hakuna zawadi ya jukwaani inayolingana na hiyo.

Onyesho huanza kwa kuchelewa, na sababu zinaeleweka. Wafanyakazi wa zamu hawajafika. Mheshimiwa wa komuni aliyealikwa hajafika, na kuanza bila yeye ni kumkosea heshima. Muziki hujaza nafasi: gitaa kama lipo, spika kama halipo. Watoto hukaa chini mbele, wazee na wageni kwenye viti, vijana husimama nyuma au kupanda ukuta. Msemaji wa kundi hutoka, huwasalimu baba na mama, huwashukuru wenye viti, huomba simu zinyamaze, na hakuna anayemtii katika hilo la simu. Visa vyenyewe vinajulikana: ndoa, mshahara, uchawi, urithi, mjomba wa kijijini asiyekwisha kukaa, kijana aliyerudi na maringo ya ugenini. Mchezo ukifika mahali pa utamu, watu hutoka safuni kwenda kumtunza mchezaji, noti kwenye paji la uso au mfukoni, naye huendelea kusema huku noti ikimwanguka. Mwenye kutunza naye huonekana, na hilo ni sehemu ya furaha yake.

Kiti cha yule mheshimiwa kina habari yake. Ruhusa ya mkutano huombwa kwa wenye mamlaka, na kisa cha madaraka huchezwa mbele ya wenye madaraka. Mchezo wa Mufwankolo wa mwaka 1986 ulichezwa wakati wa utawala wa Rais Mobutu, na kisa chake kiliwekwa kijijini, kwa mtemi na watu wake. Kijiji kilitosha. Kila mtazamaji aliweza kupima mwenyewe ni umbali gani kutoka kwa mtemi huyo hadi mji mkuu. Ustadi huu wa kusema kwa kuweka kando ni mkubwa katika maigizo ya Katanga, na umeyasaidia kuishi katika miaka ambayo magazeti hayakuweza kusema.

Mahali pengine kinga hiyo haikutosha. Huko Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wanakijiji wakulima na vibarua wa viwandani walijenga wenyewe uwanja wa maigizo usio na paa, wakatunga pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii mchezo wa Kikuyu uitwao *Ngaahika Ndeenda*. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wapita njia walisahihisha maneno na mila zilizokosewa, hata ikawa onyesho la kwanza, la tarehe 2 Oktoba 1977, ni kama sherehe ya kijiji kizima kwa kazi iliyokuwa tayari yake. Watu walikuja kutoka mbali kwa magari ya kukodi. Tarehe 16 Novemba serikali iliondoa ruhusa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa karibu mwaka mzima, na mwaka 1982 polisi waliubomoa uwanja. Wanaosimamia maigizo ya mtaani katika nchi yoyote ya Afrika wana sababu ya kuikumbuka Kamiriithu, kwa huzuni na kwa kiburi kizuri pia: dola lilitishwa na watu walioigiza maisha yao wenyewe kwa lugha yao.

Pazia likishafungwa Likasi, watazamaji hawaondoki mara moja. Wanawazunguka wachezaji, wanawaita kwa majina ya wahusika, na aliyeigiza mume mlevi hukaripiwa na mama wa watu kana kwamba amekunywa kweli. Fedha huhesabiwa kwanza, mbele ya watu wasiopungua watatu, kwa kuwa urafiki mwingi umevunjika juu ya sanduku la kiingilio. Hutolewa ya viti, ya jenereta kama ilikodishwa, ya fundi cherehani. Kinachobaki ni kidogo, na mara nyingi hakipo. Karamu huendeshwa kwa vilivyoletwa: bukari, yaani ugali, kwenye beseni kubwa, sombe ya majani ya muhogo, dagaa wa kapenta, pengine michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, kama mmoja wa marafiki amepata mshahara. Munkoyo, kinywaji cha mahindi, hunywewa na wote, hata watoto na walokole. Wanaokunywa bia hunywa Simba au Tembo, na hakuna anayemhukumu mwenzake.

Mpangilio wa kusema karamuni una utaratibu usioandikwa, na ni mzuri. Wageni na wazazi husema kwanza, na wao husifu tu. Wakishaondoka, au wakishahamia upande wa muziki, ndipo kundi na marafiki wa karibu husogeza viti. Sasa husemwa yaliyo kweli. Kipande cha tatu kilikuwa kirefu. Yule aliyecheza shangazi alimziba mwenzake kwa mgongo. Kicheko cha mama yule wa safu ya pili kilionyesha kwamba watu walishaelewa fumbo mapema, kwa hiyo maelezo yaliyofuata yaondolewe. Mdogo hawezi kumkosoa mkubwa moja kwa moja. Humuuliza swali, na mkubwa mwenye akili huelewa. Rafiki asiye mchezaji ana thamani kubwa katika saa hii, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeuona mchezo kutoka upande wa watu. Makundi yanayodumu ni yale yaliyo na rafiki mmoja au wawili wa namna hiyo, wapole wa ulimi na wasiosema uongo.

Uwezo wa kufanya sherehe hizi umepitia misukosuko. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na kuwa shirika la serikali lililokuja kuitwa Gécamines, na kwa miaka mingi wafanyakazi walilitazama kama baba na mama: liliwapa unga, nyumba, shule, na hata burudani. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakawia, na mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameshaandika kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa migodi mwaka 2001, akiwaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, Likasi ilishuhudia jambo baya zaidi: maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani, wakalala kwenye kituo cha reli wakingoja treni. Majirani wa ukuta kwa ukuta, waliocheka benchi moja, walitenganishwa. Hadhira ile iliyoundwa na Kiswahili katika nusu karne ilipasuliwa kwa miezi michache, na kila kundi la maigizo lililoanza tena baada ya hapo lilikuwa na kazi ya kuwakalisha watu pamoja upya kabla ya kuwachekesha.

Tangu hapo wamejitokeza wafadhili wa aina nyingine. Makanisa huomba michezo ya Pasaka na Krismasi. Mashirika huagiza michezo ya kipindupindu, chanjo na uchaguzi. Mashariki ya Kongo, shirika la Search for Common Ground limeendesha maigizo shirikishi, yenye undugu na mafundisho ya Mbrazili Augusto Boal, ambapo wachezaji husimamisha mchezo kwenye ugomvi mkali na kumwita mtazamaji aingie kutafuta njia. Kwa watu wa Katanga, waliozoea mama wa safu ya pili kujibu bila kuitwa, wazo hilo si geni hata kidogo. Faida ya mfadhili ni usafiri na posho. Hasara yake huonekana usiku wa kwanza: ujumbe umeshapangwa ofisini, marekebisho ya karamuni hayana nguvu, na watu huondoka mapema kwa kuwa wao hawakuchangia kiti wala pazia. Mchezo wa namna hiyo unaweza kuwa na manufaa kwa afya ya watu. Lakini mchezo ambao fundi cherehani anaudai ndio mchezo ambao fundi cherehani ataleta jamaa zake kuutazama.

Simu nazo zimebadili jambo. Siku hizi vipande vya onyesho husambaa kabla wachezaji hawajavua mavazi, na ndugu walioko Afrika Kusini au Ubelgiji hupeleka salamu karamu ikiendelea. Wengine hutuma na fedha kidogo, na huo ni utunzaji uleule kwa njia nyingine. Hatari ni kwamba kipande cha dakika moja huchagua kicheko na kuacha kisa, na kundi changa huanza kutunga kwa ajili ya kipande hicho.

Asubuhi yake kazi ni ya mikono. Viti hurudishwa kabla mwenye kukodisha hajaanza kuuliza, sufuria hupelekwa kwa wenyewe zikiwa zimeoshwa, na wenye deni huandikwa daftarini. Kundi hukutana tena siku mbili tatu baadaye. Yaliyosemwa karamuni hujaribiwa kwa kucheza: kipande cha tatu hukatwa, jibu alilopewa mama wa safu ya pili huingizwa, na yule aliyecheza shangazi hupangiwa mahali pengine pa kusimama. Kisha hujadiliwa onyesho la pili lichezwe wapi. Komuni nyingine ya Likasi ni rahisi, kwa kuwa hufikika kwa miguu. Mji jirani wa Kambove huhitaji gari, na Lubumbashi huhitaji gari, mahali pa kulala na mwenyeji anayejulikana, hivyo huachwa mpaka mchezo uwe umechezwa mara kadhaa nyumbani na fundi cherehani awe amelipwa.